Homoni, Uzazi na Hesabu ya Wagonjwa: Historia ya Saratani ya Matiti katika Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Utangulizi

Mwaka 2013 Irmgard Jordan na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro kwa kushirikiana na hospitali ya rufaa ya KCMC, mjini Moshi. Wanawake 115 waliokuwa na saratani ya matiti walilinganishwa na wanawake 230 wasiokuwa nayo. Walioulizwa walieleza historia yao ya uzazi: umri walipovunja ungo, umri walipozaa mtoto wa kwanza, idadi ya watoto na muda waliowanyonyesha. Majibu yao yalizua fumbo. Kwa vigezo vyote vinavyotumika katika vitabu vya tiba, wanawake wa kundi lile, wagonjwa kwa wazima, walikuwa wameishi maisha ya uzazi yanayohesabiwa kuwa ya hatari ndogo. Walizaa mapema, walizaa mara kadhaa, na walinyonyesha kwa jumla ya miaka mingi. Hata hivyo 115 kati yao walikuwa wamekwisha kuugua.

Insha hii inalichukua fumbo hilo kama swali la kihistoria. Nadharia inayohusisha kiwango cha homoni za kike na saratani ya matiti ilijengwa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, katika kipindi cha zaidi ya karne mbili, kwa kutazama wanawake ambao maisha yao hayakufanana na ya mwanamke wa kihambani. Je, nadharia hiyo inaeleza kiasi gani cha yale yaliyotokea katika miteremko ya Kilimanjaro tangu mwanzo wa karne ya 20? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba inaeleza sehemu kubwa ya mabadiliko, lakini mara nyingi imetumiwa kujibu maswali ambayo kwa haki yalikuwa ya historia ya kuhesabu wagonjwa na ya historia ya kuwafikia kwa tiba. Kuchanganya mambo hayo kumekuwa na gharama kwa wanawake wenyewe.

Nadharia ilivyojengwa

Mwanzo wa jambo hili huwekwa kwa kawaida katika kazi ya daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini, aliyeandika kuhusu magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700 na kuongeza toleo la pili mwaka 1713. Ramazzini aliona kwamba watawa wa kike waliugua saratani ya matiti kwa wingi kuliko wanawake wengine. Hakujua neno homoni, kwani neno hilo halikuwapo. Alichokiona ni kwamba titi na mji wa mimba vina mawasiliano ambayo wataalamu wa anatomia hawakuweza kuyaonyesha kwa kisu.

Ushahidi wa kwanza wa kitabibu ulikuja mwaka 1896, pale George Beatson wa Glasgow alipotangaza kwamba aliondoa ovari za wanawake waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kuenea, na uvimbe ukapungua. Beatson alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 kabla estrojeni haijatengwa katika maabara. Ilitengwa mwaka 1929, na Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1932 Antoine Lacassagne wa Paris alionyesha kuwa panya waliodungwa homoni ya ovari walipata uvimbe wa saratani katika matiti yao, hata wale wa kiume. Kwa hiyo tiba ilitangulia nadharia, jambo linalostahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba hospitali za nchi maskini haziwezi kutibu ugonjwa huu bila maabara kamili.

Wakati huohuo ilianza njia nyingine ya kutafuta ukweli, nayo ilikuwa kuwauliza wanawake wenyewe. Mwaka 1926 Janet Lane-Claypon, daktari Mwingereza, alichapisha ripoti iliyolinganisha wagonjwa wa saratani ya matiti na wanawake wasiougua. Aliona kwamba wagonjwa waliolewa wakiwa na umri mkubwa zaidi, walizaa watoto wachache na walinyonyesha kwa muda mfupi. Mfumo wake wa utafiti ndio uleule uliofuatwa na Jordan mkoani Kilimanjaro miaka 87 baadaye.

Utafiti uliotia nanga nadharia hii ulikuwa ule wa Brian MacMahon na wenzake, uliotolewa mwaka 1970 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Ulifanyika katika maeneo saba: Boston, Glamorgan, Athens, Slovenia, São Paulo, Taipei na Tokyo. Ulionyesha kwamba mwanamke aliyezaa mtoto wa kwanza kabla ya kutimiza miaka 18 alikuwa na hatari iliyokaribia theluthi moja tu ya ile ya mwanamke aliyechelewa hadi miaka 35 au zaidi. Waandishi hao pia walihitimisha kwamba kunyonyesha hakukuwa na kinga ya maana. Hitimisho hilo la pili lilidumu kwa muda mrefu katika mafundisho ya tiba, na lilipinduliwa mwaka 2002 tu, pale wataalamu walipounganisha takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30, zenye wagonjwa zaidi ya 50,000. Ilibainika kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha ilipunguza hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi uliipunguza kwa asilimia 7 nyingine.

Katika maeneo saba ya MacMahon hapakuwa na hata moja la Afrika. Pengine hilo lilitokana na ugumu wa kupata takwimu, lakini athari yake haikuwa ndogo. Palipo na wanawake wanaonyonyesha kwa miezi michache tu, kinga ya kunyonyesha haionekani kwa urahisi, kwa kuwa hakuna wa kutosha walionyonyesha kwa miaka. Laiti eneo la nane lingekuwa Machame au Marangu, huenda kosa hilo lisingedumu miaka 32.

Kupima homoni zenyewe katika damu kulichelewa zaidi. Kiwango cha estrojeni hupanda na kushuka katika kila mwezi wa hedhi, hivyo kipimo kimoja kwa mwanamke kijana hakielezi mengi. Ndiyo sababu matokeo yaliyo thabiti zaidi yalipatikana kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Mwaka 2002 tafiti tisa ziliunganishwa, na ikaonekana kuwa wanawake walio katika sehemu ya tano ya juu kwa kiwango cha estradioli walikuwa na hatari inayokaribia mara mbili ya ile ya walio katika sehemu ya tano ya chini. Tafiti hizo zilitoka Marekani, Ulaya na Japani. Kwa mara nyingine tena, Afrika haikuwamo.

Maisha ya uzazi katika kihamba

Kwa kuwa hakuna aliyepima damu ya wanawake wa Kilimanjaro miaka 100 iliyopita, mwanahistoria analazimika kuisoma homoni kupitia mwenendo wa maisha. Vyanzo vipo, ingawa vina kasoro. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kwa kirefu kuhusu sheria na mila za Wachaga, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1926. Charles Dundas, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, alitoa chake mwaka 1924. Otto Raum aliandika kuhusu utoto wa Wachaga mwaka 1940, na ndiye aliyeangalia kwa karibu zaidi mambo ya uzazi na malezi. Wote watatu walikuwa wanaume na Wazungu, na wawili kati yao walitoka katika jamii ya wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig. Mambo ya hedhi na ya kitanda cha mzazi waliyapata kwa kusimuliwa, na aghalabu wasimulizi wao walikuwa wanaume. Kwa hiyo picha wanayoichora inaonyesha zaidi kanuni ya jamii kuliko yale yaliyotendeka katika kila nyumba.

Hata hivyo kanuni yenyewe ni ya maana. Mzazi wa Kichaga alikaa ndani kwa takribani miezi mitatu baada ya kujifungua. Hakwenda kukata majani ya ng'ombe wala kubeba ndizi kwenda sokoni. Aliletewa mtori, maziwa, siagi na kisusio, supu yenye damu ya mnyama, na mama mkwe wake ndiye aliyesimamia ulishaji huo. Mume aliyeshindwa kumchinjia mkewe aliyezaa alikuwa na aibu ambayo ukoo haukuisahau upesi. Baada ya hapo mtoto aliendelea kunyonya kwa muda mrefu, na mimba kupatikana mapema kabla mtoto hajaacha ziwa lilikuwa jambo la kulaumiwa. Desturi hiyo ya kupisha uzazi inakubaliana na fiziolojia: kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana, huinua kiwango cha prolaktini na kuchelewesha kurudi kwa yai, hivyo mwanamke hukaa miezi mingi bila mzunguko wa hedhi na bila mawimbi ya estrojeni na projesteroni yanayoambatana nao.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia, mradi uchukuliwe kuwa mfano tu. Mwanamke aliyezaa watoto saba na kumnyonyesha kila mmoja miaka miwili alinyonyesha kwa jumla ya miaka 14. Kwa viwango vilivyotolewa mwaka 2002, uzazi na unyonyeshaji vingemwachia hatari inayokaribia theluthi moja ya ile ya mwanamke ambaye hakuzaa kabisa. Mjukuu wake, mwenye watoto watatu aliowanyonyesha mwaka mmoja na nusu kila mmoja, angebakiwa na theluthi mbili. Hivyo basi, kati ya bibi na mjukuu hatari ingekuwa imeongezeka maradufu bila yeyote kufanya kosa lolote. Viwango hivyo vilitokana zaidi na wanawake walionyonyesha kwa muda mfupi, na hakuna uhakika kwamba vinabaki vilevile hadi mwaka wa 14. Lakini uelekeo wake ni dhahiri.

Hapa inafaa kuonya dhidi ya kishawishi kimoja. Waandishi kadhaa, wa zamani na wa sasa, wameyasoma maisha hayo ya uzazi kama paradiso iliyopotea. Haikuwa paradiso. Mwanamke aliyezaa mara saba alihatarisha maisha yake mara saba, na wengi walizika watoto. Hatari ndogo ya saratani ya matiti ilikuwa matokeo yasiyokusudiwa ya mpangilio ambao wanawake hawakuuchagua.

Kahawa, shule na ukubwa wa familia

Mabadiliko yaliyofuata yana historia inayojulikana vizuri, nayo haihitaji kurudiwa kwa kirefu. Kahawa ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Chama cha wakulima wenyeji kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga shule, na shule za misheni hazikuwaacha wasichana nje kwa kiwango kilichoonekana kwingineko nchini. Majina ya Ashira, Machame, Kibosho na Weruweru yanajulikana na kila aliyewahi kufuatilia elimu ya wasichana Tanzania. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa mwaka 1974 katika Azimio la Musoma, iliikuta Kilimanjaro ikiwa mbele tayari.

Msichana anayesoma huolewa baadaye na kuzaa baadaye. Kihamba nacho kilikuwa kinagawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi, hadi pakabaki vipande visivyoweza kulisha nyumba kubwa. Ufinyu wa ardhi, karo ya shule na kazi za mjini vilifanya familia ndogo kuwa jambo la busara kabla hata ya kampeni za uzazi wa mpango kuanza kusikika. Chama cha uzazi wa mpango kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, kilichokuja kuitwa UMATI, kilisambaza huduma mikoani, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 serikali ilikuwa na mpango wake wa kitaifa. Kitaifa, wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 6.2 katika utafiti wa mwaka 1991/92 hadi 4.8 mwaka 2022, na Kilimanjaro imekuwa miongoni mwa mikoa ya Bara yenye wastani mdogo zaidi.

Suala la vidonge na sindano za uzazi wa mpango linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu linasemwa sana na mara nyingi vibaya. Mwaka 1996 uchambuzi mkubwa wa pamoja uliona kwamba wanawake wanaotumia vidonge vya mseto wana ongezeko la hatari la takribani asilimia 24 wakati wa matumizi, na kwamba ongezeko hilo huisha miaka 10 baada ya kuacha. Mwaka 2005 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, wenye makao yake Lyon, uliviweka vidonge hivyo katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, huku ukieleza kuwa hupunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa mji wa mimba. Asilimia 24 ya hatari ndogo sana aliyonayo kijana wa miaka 25 ni nyongeza ndogo sana. Mwanamke anayeacha sindano kwa kuhofia saratani, kisha akapata mimba asiyoitaka, amehamia kwenye hatari nyingine iliyo kubwa na ya karibu zaidi. Mara nyingi hesabu hii haifanywi mbele ya mwanamke mwenyewe.

Jambo la chakula na unene halikupata umakini hadi karibuni. Baada ya kukoma hedhi, ovari huacha kutoa estrojeni, na mafuta ya mwili ndiyo yanayobaki kuwa chanzo chake kikuu. Katika uchunguzi wa Kilimanjaro, ulaji wenye maziwa, siagi, mafuta na nyama nyekundu kwa wingi ulihusishwa na hatari kubwa zaidi. Uzito mkubwa kwa urefu katika umri wa miaka 20 nao ulihusishwa na hatari kubwa zaidi, ingawa katika nchi tajiri unene wa ujana mara nyingi umeonekana kwenda pamoja na hatari ndogo kabla ya kukoma hedhi. Hitilafu hii haijatatuliwa. Inawezekana kwamba uzito wa umri wa miaka 20 hapa ni alama ya utoto ulioshiba, yaani msichana aliyekua haraka na kuvunja ungo mapema, hivyo kuanza mizunguko ya hedhi miaka kadhaa kabla ya wenzake. Inawezekana pia kwamba kumbukumbu ya mtu wa miaka 50 kuhusu mwili wake wa miaka 20 si chanzo cha kutegemewa sana. Mwanahistoria anayezoea masimulizi ya mdomo hatashangazwa na uwezekano huo wa pili.

Nani alihesabiwa

Mara nyingi imeandikwa kwamba saratani ya matiti ilikuwa nadra Afrika Mashariki katika zama za ukoloni, na kwamba sasa inaongezeka kwa sababu ya maisha ya kisasa. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo inategemea hospitali. Kabla ya mwaka 1971 mgonjwa wa Kilimanjaro alikuwa na Mawenzi mjini Moshi, hospitali ya Machame na vituo vingine vya misheni, na mwanamke mwenye uvimbe usiouma hakuwa na sababu ya kupanda au kushuka mlima kwa ajili yake. Alipopata kidonda, aliona aibu. Aliyefia nyumbani alizikwa katika mgomba wa familia, na hakuna aliyeandika jina la ugonjwa wake popote.

KCMC ilifunguliwa Machi 1971, ikiwa imejengwa kwa juhudi za Shirika la Msamaria Mwema la Kanisa la Kilutheri. Ikawa hospitali ya rufaa kwa kanda nzima ya kaskazini, na maabara yake ya patholojia ikaleta kwa mara ya kwanza uwezo wa kuthibitisha saratani kwa darubini hapohapo mlimani. Tokea mwishoni mwa karne hiyo kukawa na daftari la saratani lililokusudia kuhesabu wagonjwa wa mkoa. Ongezeko la wagonjwa walioandikwa tangu hapo ni la kweli kwa sehemu, na kwa sehemu ni tokeo la kuwapo kwa mtu wa kuandika. Ushahidi wa kwamba si kalamu peke yake unatoka Kampala, ambako daftari la saratani lililoanza katika miaka ya 1950 limeonyesha kiwango kikipanda kwa miongo kadhaa mahali palepale penye hospitali ileile.

Umri wa wagonjwa unaleta upotofu mwingine. Husemwa kwamba wanawake wa Kiafrika huugua saratani hii wakiwa vijana, na hivyo lazima pawepo tofauti ya kibiolojia. Lakini katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu ni vijana, hata ugonjwa wa wazee utaonekana kuwa na vijana wengi miongoni mwa waliougua. Kilimanjaro inalipa jambo hili sura ya pekee. Vijana wake huondoka kwenda Arusha, Dar es Salaam na mbali zaidi, na mkoa unabaki na sehemu ya wazee iliyo kubwa kuliko mikoa mingi. Wanawake waliozaliwa mlimani hawaugui wote mlimani. Mchaga anayeishi Dar es Salaam akiugua huandikwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897. Akifariki, mwili wake hupandishwa mlimani na kuzikwa kihambani. Hesabu ya kaburi na hesabu ya ugonjwa zinakaa katika mikoa miwili, wala daftari la Moshi halina njia ya kumdai.

Kipande cha nyama na kidonge cha bei nafuu

Nadharia ya homoni ina thamani yake kubwa katika tiba. Dora Richardson alitengeneza tamoksifeni katika maabara za kampuni ya ICI huko Uingereza mwaka 1962, ikikusudiwa kwa mambo ya uzazi. Mwaka 1973 iliruhusiwa nchini humo kwa matibabu ya saratani ya matiti. Dawa hii hukaa katika kipokezi cha estrojeni na kuizuia homoni isifanye kazi yake. Ni kidonge, ni cha bei nafuu, na mgonjwa hukimeza nyumbani. Lakini humfaa yule tu ambaye uvimbe wake una vipokezi hivyo.

Hapa ndipo fumbo la kisayansi linapogeuka kuwa suala la maisha ya mtu. Kwa miaka mingi ripoti kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zilisema kwamba uvimbe wa wanawake Waafrika kwa kawaida hauna vipokezi. Kauli hiyo iliingia katika mafundisho na katika maamuzi ya ununuzi wa dawa. Mwaka 2014 uchambuzi wa pamoja wa tafiti za bara zima ulionyesha kwamba sampuli zilizochukuliwa makusudi kwa ajili ya utafiti zilikuwa na vipokezi vya estrojeni kwa kiwango kikubwa kuliko zile zilizotolewa kwenye makabati ya kumbukumbu. Maelezo yake ni ya kawaida sana. Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye titi kisipotiwa katika formalini mapema, au kikikaa humo kupita kiasi, vipokezi huharibika na kipimo husoma kwamba havikuwapo. Kipande kinachosafiri kwa basi kutoka hospitali ya wilaya huko Same au Rombo kwenda Moshi, kikasubiri mwisho wa juma upite, kinaweza kufika kikiwa kimepoteza jibu lake. Mwanamke aliyenyimwa tamoksifeni kwa msingi wa jibu hilo hakunyimwa na biolojia yake.

Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi ilibaki pia njia ya Beatson, ya kuondoa ovari. Richard Love na wenzake waliifufua njia hiyo nchini Vietnam na China, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2002 yalionyesha kwamba upasuaji huo pamoja na tamoksifeni uliongeza uhai wa wagonjwa wenye vipokezi. Upasuaji wa namna hiyo unawezekana katika hospitali nyingi za Tanzania zenye chumba cha upasuaji. Unadai, hata hivyo, kumwambia mwanamke wa miaka 38 kwamba hatazaa tena, mahali ambapo kuzaa kumebeba heshima yake katika ukoo wa mume. Madaktari wa Ulaya walioandika kuhusu urahisi wa tiba hii hawakulipima jambo hilo.

Hadi mwaka 2016 mgonjwa wa Moshi aliyehitaji tiba ya kemikali iliyopangwa vizuri, au mionzi, aliambiwa aende Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, naye alihitaji kuwa na ndugu wa kumpokea huko kwa wiki kadhaa. Wengi walirudi nyumbani badala yake. Desemba 2016 kituo cha huduma za saratani kilifunguliwa KCMC, na tiba ya kemikali ikaanza kutolewa hapo. Wengi wa wanaofika bado hufika wakiwa na ugonjwa uliokwisha kusonga mbele. Katika hatua hiyo, swali la umri wa kuvunja ungo au miezi ya kunyonyesha halina msaada kwa aliyeketi mbele ya daktari. Kipimo cha vipokezi kinao, iwapo kipande kilitiwa katika formalini siku ileile kilipokatwa.